Matairi makubwa kwenye pikapu Dodoma: Fahari inayohitaji kipimo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WAGOGO husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno idodomya, yaani imezama. Inaelezwa kuwa siku moja tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope na kuzidi kudidimia. Watu waliomwona wakatamka neno hilo kwa mshangao, na mji ukabaki na jina hilo hadi leo.

Simulizi hiyo haina ugeni kwa mwenye gari aliyewahi kunasa katika udongo mweusi wa mbuga za Bahi mwezi Februari, au katika mchanga wa korongo lililokauka mwezi Septemba. Hofu ya kuzama, ikichanganyika na hamu ya kupendeza, imewafanya wamiliki wengi wa pikapu kuvua matairi yaliyokuja na gari na kufunga makubwa zaidi.

Hakuna kosa kwa mtu kutaka gari lake liweze kupita njia mbaya. Hata hivyo, jambo linalochukuliwa kuwa pambo au kinga dhidi ya tope hugusa breki, usukani, uzito na mwendo wa gari zima. Mara nyingi anayeuza tairi hilo, anayelifunga na anayeliendesha hawana kipimo cha kuwaonyesha mahali ambapo usalama unaishia na hatari inaanzia.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Dodoma. Tangu Julai 2016, Rais wa Awamu ya Tano, hayati John Magufuli, alipotangaza kuwa Serikali yote itahamia huko, mji huo umekua kwa kasi. Aprili 26, 2018 ulipandishwa hadhi kuwa Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179.

Barabara nazo zimebadilika. Lami sasa inatoka Dodoma kuelekea pande zote nne: mashariki hadi Morogoro na Dar es Salaam, magharibi hadi Manyoni na Singida, kusini hadi Iringa kupitia Mtera, na kaskazini hadi Babati kupitia Kondoa.

Lakini lami haifiki shambani. Ndiyo maana pikapu ya Dodoma ina maisha mawili. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa inakwenda ofisini Mtumba na kurudi kwa barabara laini. Jumamosi inaelekea kwenye zabibu za Hombolo au Mpunguzi, ama kwenye mahindi na alizeti za Kongwa, ikiwa imebeba mbolea, mapipa ya maji na vibarua. Jioni inarudi kwenye lami ileile, safari hii ikiwa na magunia, na dereva ana haraka ya kufika nyumbani.

Tairi linalofungwa kwa ajili ya saa mbili za Jumamosi ndilo linalobeba familia kwa wiki nzima. Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza ni pana zaidi ya kama tairi hilo litatoka kwenye tope. Je, litasimama kwa wakati mtoto akikatiza barabara pale Kibaigwa?

Kwanza ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna kuongeza ukubwa wa rimu, yaani chuma kinachobeba tairi, na kuna kuongeza kipenyo cha tairi lenyewe. Ni mabadiliko mawili tofauti, na kila moja lina gharama yake.

Ukitazama ubavuni mwa tairi la pikapu nyingi za dabo kebini utakuta maandishi 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kama asilimia ya upana huo, na hapa ni asilimia 65 ya milimita 265, sawa na milimita 172. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu zote mbili, juu na chini, unapata kimo cha tairi zima, ambacho ni takriban milimita 776.

Anayependa mtindo wa mjini anaweza kufunga rimu ya inchi 20 yenye tairi la 265/50R20. Kimo cha tairi hilo ni takriban milimita 773, karibu sawa na la awali, hivyo kipima mwendo hakiathiriki. Kinachopungua ni ubavu wa mpira, ambao sasa ni milimita 132 badala ya 172. Mpira huo ndio mto unaomeza mshindo wa shimo au jiwe. Ukipungua, mshindo huhamia kwenye rimu, beringi na viungo vya usukani. Rimu kubwa yenye mpira mwembamba inafaa kwa barabara za ofisini, lakini mawe ya njia za vijijini yataifupishia maisha.

Anayependa mtindo wa porini hubaki na rimu ya inchi 17 na kufunga tairi la 285/70R17, lenye kimo cha takriban milimita 831. Hilo ni refu kuliko la awali kwa milimita 54, sawa na asilimia 7. Faida yake ni ya kweli. Gari huinuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 27, na difu, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza kugusa ardhi katika njia yenye mikondo ya magurudumu, huinuka kwa kiasi hicho hicho. Hiyo ndiyo njia pekee ya kuinua difu ya gari lenye ekseli ya kawaida, kwa kuwa hata ukiongeza kimo cha springi difu hubaki palepale.

Hasara zinaanzia kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kipima mwendo cha gari hakipimi ardhi, bali huhesabu mizunguko. Tairi likikua kwa asilimia 7, kila mzunguko husukuma gari mbele kwa asilimia 7 zaidi, ilhali mashine inaendelea kuhesabu kwa kimo cha zamani. Mwendo unaosomeka kama kilometa 50 kwa saa huwa unakaribia 54, na unaosomeka 80 huwa unakaribia 86. Ni kweli kwamba watengenezaji huweka tahadhari ili kipima mwendo kisome juu kidogo ya mwendo halisi. Tairi kubwa huila akiba hiyo yote au sehemu yake, na dereva hajui imebaki kiasi gani.

Madereva wanaozijua tochi za askari wa usalama barabarani kwenye vijiji vya barabara ya Morogoro wanaelewa maana ya kilometa nne za ziada penye alama ya 50. Lakini faini ndiyo hasara ndogo. Umbali wa kusimama hukua kwa haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 7, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka kwa zaidi ya asilimia 14.

Breki nazo zimedhoofika wakati huo huo. Tairi ni wenzo. Breki hushika karibu na kitovu cha gurudumu, na barabara husukuma kwenye ukingo wa tairi. Wenzo ukirefuka kwa asilimia 7, mguu uleule kwenye pedali ileile huzalisha kani ndogo zaidi ya kusimamisha gari, pungufu kwa kati ya asilimia 6 na 7. Ongeza hapo kwamba tairi la porini na rimu yake huwa vizito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuuzuia.

Katika tambarare ya Bahi upungufu huo unaweza usionekane. Hali ni tofauti pikapu yenye magunia inapoteremka mlima Nyang'oro katika barabara ya Iringa, au Sekenke kule Iramba. Huko breki hufanya kazi mfululizo, hupata joto na nguvu zake hupungua. Gari lililotoka kiwandani likiwa na ziada kidogo ya breki linaifikia miteremko hiyo likiwa limeshapoteza sehemu ya ziada hiyo gereji.

Mabadiliko hayo huzigusa gia pia. Tairi refu hufanya kila gia iwe ndefu zaidi, hivyo injini hupata tabu kupanda na dereva hulazimika kurudi gia ya chini mapema. Kilometa zinazohesabiwa huwa pungufu, kwa hiyo anayesubiri kilometa 5,000 ili abadilishe oili atakuwa ameshatembea takriban 5,350. Haya hayaui mtu, lakini yanakula mfuko.

Kinachoweza kuua ni namba nyingine ndogo, isiyosomwa na wengi. Baada ya ukubwa wa tairi huandikwa tarakimu mbili au tatu na herufi moja, kwa mfano 112S. Tarakimu hizo ni kielelezo cha uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120, namba 107 ni kilo 975, na namba 99 ni kilo 775. Herufi ni mwendo wa juu kabisa: S ni kilometa 180 kwa saa, Q ni 160.

Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyojaa mzigo inaweza kubeba tani moja na nusu na zaidi. Matairi mawili yenye namba 99 yana uwezo wa kilo 1,550 kwa pamoja, hivyo hayana akiba yoyote. Tairi linalozidiwa hupinda kupita kiasi kila linapozunguka, hupata joto, na tabaka zake huanza kuachana kwa ndani bila dalili nje. Kisha hupasuka, aghalabu katika mwendo mkubwa na juani. Tairi linaweza kuwa pana, jipya na lenye sura ya kutisha, na bado likawa dhaifu kuliko jembamba lililovuliwa.

Sambamba na namba hiyo ipo tarehe ya kutengenezwa, ambayo ni tarakimu nne zilizofungwa ndani ya umbo la yai mwishoni mwa maandishi ya DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka lina mpira mkavu hata kama kashata zake ni ndefu, na hilo ni jambo la kuzingatia katika soko ambalo matairi yaliyotumika huuzwa pamoja na mapya.

Ni vyema ikumbukwe kwamba nchi hii iliwahi kutengeneza matairi yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichokuwa cha ubia kati ya Serikali na kampuni ya Continental ya Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1969 na kusimamisha uzalishaji mwishoni mwa muongo wa 2000. Tangu kiwanda hicho kinyamaze, soko limetegemea bidhaa kutoka nje. Tairi moja linatoka Asia, jingine Ulaya, jingine limevuliwa kwenye gari bandarini. Katika hali hiyo, maandishi ya ubavuni ndiyo shahidi aliyebaki, na mnunuzi asiyeyasoma anategemea maneno ya muuzaji.

Tukirudi gereji, rimu nayo ina siri zake. Fundi akiona bolti sita zimeingia kwenye matundu sita huamini kuwa rimu imekubali. Toyota Hilux, Mitsubishi L200 na Ford Ranger za miaka ya karibuni zote zina bolti sita zilizopangwa katika duara la milimita 139.7. Lakini tundu la katikati la rimu ya Hilux ni takriban milimita 106, ilhali kitovu cha L200 ni milimita 67 na cha Ranger ni milimita 93.

Maana yake ni kwamba rimu ya Hilux itafungika kwenye L200 bila shida, lakini itaning'inia kwenye bolti peke yake, bila kuegemea kitovu. Isipowekwa sawasawa katikati, usukani hutetemeka, nati hulegea na bolti huchoka. Zipo bangili maalumu za kuziba nafasi hiyo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gurudumu kuchomoka njiani.

Jambo jingine ni umbali wa rimu kuingia ndani au kutoka nje ya bodi. Umbali huo huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET na namba ya milimita. Rimu ya ET30 ikibadilishwa kwa ET0, gurudumu husogea nje kwa milimita 30. Wengi hupenda hivyo kwa sababu gari huonekana limesimama kwa miguu iliyopanuka. Beringi, ambazo zilipangwa kubeba uzito karibu na mwili wa gari, sasa hubeba uzito huo kwa mkono ulionyooshwa. Anayebeba ndoo ya maji akiwa amenyoosha mkono atalielewa jambo hili bila kuelezwa na mhandisi.

Spesa, yaani vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya kitovu na rimu, hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya hatari zaidi. Zilizo nyembamba, zisizo na bolti zake, huacha nyuzi chache tu za bolti zikishika nati. Mwenye gari la kazi anashauriwa kuziepuka.

Kisha kuna nafasi. Gari likiwa limesimama gereji, tairi kubwa linaweza kuonekana limetosha. Jaribio la kweli ni kukata usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku gurudumu moja la mbele likiwa limepanda juu ya kitu, ili springi ibanwe. Hapo ndipo tairi hugusa madigadi, fremu au bomba la breki. Wapo wanaokimbilia kuinua gari kwa springi ndefu ili kupata nafasi, wakasahau kuwa gari lililoinuliwa ni jepesi kupinduka, na kwamba mabomba ya breki na viungo vya usukani vilikatwa kwa kimo cha awali.

Matairi yote manne lazima yafanane kimo. Katika pikapu ambayo mitambo ya mbele na nyuma hufungwa pamoja inapowekwa kwenye magurudumu manne, tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma huyafanya mashafti yapigane, na kinachovunjika ni gia au difu. Tairi la akiba nalo lifanane na mengine. Mara nyingi tairi kubwa halienei mahali pake chini ya bodi, mwenye gari hubaki na la zamani, na siku ya pancha njiani Manyoni ndipo hugundua kuwa gari lina miguu isiyolingana.

Wapo watakaosema kwamba nchi nyingine hufunga matairi makubwa kuliko haya na hakuna kinachotokea. Ni kweli, lakini ni vyema tutazame wanavyofanya. Kampuni ya Arctic Trucks ya Iceland, iliyoanza mwaka 1990, imejipatia sifa kwa kufunga matairi ya inchi 38 kwenye Hilux kwa safari za barafuni. Magari ya kampuni hiyo yalitumika mwaka 2007 katika msafara wa kipindi cha Top Gear cha BBC kuelekea ncha ya kaskazini ya sumaku. Lakini magari hayo hukatwa madigadi na kubadilishwa meno ya difu na sehemu za mwendo. Yanasanifiwa upya yote, na tairi huja kama sehemu ya usanifu huo.

Australia, nchi yenye vumbi, mchanga na umbali kama wetu, ina mwongozo wa kitaifa wa marekebisho ya magari uitwao VSB 14. Kwa kanuni ya jumla, pikapu na magari ya nje ya barabara huruhusiwa kuongezewa kimo cha tairi kisichozidi milimita 50 juu ya tairi kubwa kabisa lililoainishwa na mtengenezaji. Magari madogo ya abiria huruhusiwa milimita 15 tu. Anayetaka kuvuka hapo hupeleka gari kwa mhandisi aliyeidhinishwa. Kama 265/65R17 ndilo tairi kubwa lililoainishwa kwa gari hilo, mfano wetu wa 285/70R17 ungevuka mpaka huo kwa milimita 4.

Hatulazimiki kuiga namba ya Australia. Cha kujifunza ni kwamba wana namba. Dereva anajua mwisho wa uhuru wake, fundi anajua wapi aseme hapana, na askari anaweza kupima kwa utepe badala ya kubishana.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kiwe katika hali nzuri kinapotumika barabarani. Msingi huo ni mzuri. Lakini ukaguzi wa njiani kwa kawaida hutafuta tairi kipara, taa mbovu na stika. Tairi kubwa, jipya na lenye kashata ndefu hupita mbele ya mkaguzi likiwa limenyooka kifua, kwa kuwa linaonekana bora kuliko yote.

Kabla ya kuzungumzia wajibu wa mamlaka, mwenye gari ajiulize kama anahitaji tairi kubwa hata kidogo. Tembo wa Kikuyu alikuwa na nyayo pana sana, na bado alizama. Katika mchanga wa makorongo ya Ugogo, linalosaidia zaidi ni urefu wa sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na urefu huo hupatikana kwa kupunguza upepo. Tairi la kimo cha kawaida likishushwa kutoka takriban ratili 30 kwa inchi ya mraba hadi ratili 18 hukaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Masharti ni mawili. Dereva aende polepole bila kukata kona kali, kisha ajaze upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni rahisi mno kuliko seti ya matairi manne na rimu zake.

Katika tope la udongo mweusi mambo ni kinyume na wengi wanavyodhani. Tairi pana huelea juu ya utelezi na kukosa mahali pa kushika, ilhali jembamba lenye kashata zilizoachana hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Anayekwenda Bahi wakati wa mvua atanufaika zaidi na tairi la kimo kilekile lenye kashata za matope. Pengine atanufaika zaidi na subira ya siku moja ya jua.

Kwa anayeona bado analihitaji, utaratibu salama hauna ugumu. Asome kwanza kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambako mtengenezaji ameandika ukubwa na upepo unaofaa. Achague tairi kubwa kuliko yote yaliyoainishwa kwa aina ya gari lake kabla ya kufikiria lililo nje ya orodha. Ahakikishe namba ya uzito haiko chini ya ile ya awali. Apime tofauti ya kimo, na ikivuka asilimia 3 au 4 ajue kwamba anahitaji kurekebisha kipima mwendo na kukaguliwa breki na mtaalamu.

Baada ya kufunga, magurudumu yafanyiwe balansi na gari lifanyiwe alaimenti. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100, kwa sababu rimu mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea. Siku ya kwanza dereva ajaribu breki mahali pa wazi, gari likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo, ili mguu wake ujifunze gari jipya alilonalo. Aidha, aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Bima hujengwa juu ya ukweli, na mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuzaa mgogoro siku ya kudai fidia.

Kwa upande wa mamlaka, kazi iliyopo inahitaji uamuzi zaidi ya fedha. Shirika la Viwango Tanzania na Kikosi cha Usalama Barabarani wakubaliane juu ya mpaka mmoja wa kimo na wa namba ya uzito, nao utangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kubandikwa katika kila duka la matairi. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ingekuwa nafasi nzuri ya kupima matairi kwa utepe na kuwafundisha wamiliki kusoma ubavu wa tairi. Vyuo vya VETA viwape mafundi somo la rimu na uzito, kwa sababu fundi ndiye mtu wa mwisho kushika spana kabla gari halijaingia barabarani.

Wenye maduka nao waandike kwenye risiti ukubwa, namba ya uzito na tarehe ya kutengenezwa kwa kila tairi wanalouza. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu kwa kufanya hivyo, na asiyekuwa mwaminifu ataogopa kuacha maandishi.

Hatima ya jambo hili haimhusu mwenye pikapu peke yake. Nyuma ya pikapu hiyo hukaa vibarua wasioulizwa maoni yao juu ya matairi. Pembeni mwa barabara hutembea wanafunzi, waendesha baiskeli na wachunga ng'ombe ambao hawakupata raha yoyote ya kuona gari limeinuka. Uchaguzi anaoufanya mtu mmoja gereji hulipiwa na wengi barabarani.

Dodoma imeondoka kwenye tope lililoipa jina, na sasa watu wake wanasafiri kwa lami hadi pembe nne za nchi. Ingekuwa jambo la kusikitisha iwapo, kwa kuogopa kuzama kama yule tembo, tungefunga kwenye magari yetu kitu ambacho kitatuua tukiwa juu ya barabara kavu. Kabla ya kulipia tairi kubwa, mwenye pikapu achukue dakika tano kusoma namba zilizo ubavuni mwa lile analotaka kulivua. Kuuliza si ujinga.